Sifa za Saa ya Ukutani

Chumba cha mnasihi kina saa mbili. Moja iko mahali mteja anapoiona. Ya pili hutundikwa nyuma ya kiti cha mteja, juu kidogo ya kichwa chake, ili mnasihi aione bila kugeuza shingo. Anayechungulia saa ya mkononi mbele ya mtu anayesimulia kifo cha mwanawe amekwisha kumfukuza, hata kama hakufungua kinywa. Ndiyo maana saa hufikiriwa kabla ya viti. Viti navyo havitazamani uso kwa uso kama vya kituo cha polisi. Huelekezwa upande kidogo, ili anayezungumza apate pa kupumzishia macho. Karatasi za kufutia machozi hukaa karibu na mkono wa mteja, azichukue mwenyewe. Ukikimbilia kumpa, umemwambia anyamaze.

Nimeanza na vyombo kwa makusudi. Watu wakikutana na mtu wa kazi hii, wamwite mnasihi, mshauri, mwanasaikolojia au kaunsela, huwa na swali moja: unawezaje kusikiliza shida za watu kutwa kucha bila kurukwa na akili? Wanangoja jibu la moyo. Wanataka kusikia habari za huruma isiyokauka, imani, au kipaji cha kuzaliwa nacho. Jibu la kweli halina mvuto huo. Ni saa, daftari, mlango unaofungwa, ada inayolipwa, na mtu mwingine ambaye mnasihi naye humwendea. Ufundi wenyewe umesimama juu ya mambo ambayo mtazamaji huyahesabu kuwa ni ubaridi. Mimi nimekuja kuusifu ubaridi huo.

Kikao ni dakika 50. Desturi ya kumtengea mgonjwa saa yake imetoka kwa Freud, mwasisi wa uchanganuzi nafsi, aliyeandika mwaka 1913 kwamba kila mgonjwa wake amekodi saa maalumu ya siku, nayo ni mali yake, na atadaiwa malipo yake hata asipoitumia. Baadaye ikawa kawaida kukata dakika 10 kutoka katika saa hiyo, na dakika hizo 10 nazistahi kuliko zile 50. Ndani yake mnasihi huandika aliyoyasikia kabla hayajachanganyika na yajayo. Hufungua dirisha, hunywa maji, huenda msalani, hunyoosha mgongo. Aliyeondoka sharti amtoke moyoni, ili anayengoja nje asimkute mwenzake bado amekalia kiti. Anayepanga wateja saba mfululizo bila nafasi hiyo humsikiliza wa saba kwa masikio yaliyokwisha kujaa, na wa saba hulipa ada ile ile.

Kisha kuna neno la mlangoni. Mteja amezungumza dakika 48 juu ya mwenye nyumba na karo ya watoto. Anainuka, anashika kitasa, ndipo anasema bila kugeuka kwamba kuna jambo hakulitaja, kwamba baba yake mdogo alikuwa akimfanyia mabaya alipokuwa mtoto. Binadamu yeyote mwenye moyo atamwambia rudi ukae. Mnasihi aliyekomaa husimama naye pale pale, humwambia kwamba amesikia, kwamba jambo hilo ni zito, na kwamba wiki ijayo wataanza na hilo kabla ya lingine lolote. Saa haiongezwi. Mteja hakulisema mlangoni kwa kusahau. Amelisema hapo kwa kuwa hapo ana hakika halitafukuliwa lote kwa siku moja. Ukimrudisha kitini umemnyang'anya ulinzi aliojichagulia mwenyewe, na wiki ijayo huenda usimwone. Lakini neno la mlangoni likiwa ni kwamba ameshanunua sumu, saa imekwisha kazi yake: mlango unafungwa, anayengoja nje anaombwa radhi, simu zinapigwa, na hakuna anayeondoka mpaka usalama upatikane. Ustadi ni kujua tofauti ya maneno hayo mawili kwa muda wa pumzi moja.

Kwetu ubaridi huu una kesi ya kujibu. Tumelelewa tukiamini kwamba mtu wa msaada hana mlango. Shangazi mwenye busara huamshwa usiku wa manane. Sheikh husimamishwa njiani akitoka msikitini. Padri hufuatwa hadi kwenye kibustani chake. Somo wa bi harusi haulizi ni saa ngapi, wala hatozi kwa saa. Leo anatokea mtu mwenye cheti ukutani, anazima simu saa kumi na moja jioni, anataja ada kabla ya kusikia kisa, anakataa kupewa lifti na mteja hata mvua ikinyesha, na ukimuuliza kama naye ana watoto anakuuliza kwa nini ungependa kujua. Mtu wa namna hiyo mtaani huitwa mwenye maringo, na wengine humwambia amejifanya mzungu.

Kesi hiyo ina uzito, ila inasahau hesabu. Shangazi husikiliza watu wake, labda kumi katika umri wake wote, na nyuma yake wako dada zake, majirani na nyumba nzima ya kumpokea mzigo. Mnasihi wa kituo cha afya hufikisha idadi hiyo kabla ya Jumatano, wote wageni, na sheria inamkataza kumtajia mumewe hata jina la mmoja. Isitoshe shangazi huchukua upande. Ndiyo kazi yake, na hatungempenda kama asingechukua. Alichoambiwa mwaka huu kitatoka hadharani siku ya ugomvi wa mirathi. Watu humwendea mnasihi kwa sababu hiyo hasa, kwamba si wetu, hatakuja kwenye matanga, na hatakaa jikoni akitutazama kwa jicho la mtu anayejua.

Hata hivyo ubaridi huo haupatikani kwa kunakili vitabu vya Marekani. Chukua salamu. Vitabu vinafundisha kwamba mnasihi akikutana na mteja barabarani asimwamkue kwanza, asije akamfichua mbele ya watu. Jaribu hilo Mombasa, pale Marikiti, asubuhi ya mkesha wa Idi. Kupitana na mtu unayemjua bila salamu ni tusi ambalo litazungumzwa mpaka Likoni. Mabingwa wa huku wamelitatua jambo hilo kimyakimya: hulizungumza na mteja katika kikao cha kwanza. Tukikutana nje, wewe ndiye mwenye salamu. Ukinisalimu nitakuitikia kama jirani yeyote, na sitauliza habari za ulichonieleza. Ukipita kama hujaniona, nami sijakuona, na hapana aliyemkosea mwenzake. Mteja hucheka akiambiwa hivyo, kisha hutulia. Wiki chache baadaye mtawaona sokoni wanapitana mbele ya mafungu ya maembe kama watu wasiojuana, na yule mteja anatabasamu peke yake.

Zawadi nayo. Kitabu kinasema usipokee. Mama aliyetoka Kaloleni na mfuko wa maembe kichwani hatakuelewa ukimrudishia, na ataondoka akijua kwamba cha mkono wake ni uchafu kwako. Rai yangu, na najua wenzangu wengine watanipinga, ni kwamba maembe yapokelewe, yaliwe na kila mtu ofisini pamoja na mlinzi wa getini, na yaandikwe kwenye faili: tarehe fulani, mteja alileta maembe. Kuandika ndiko kunakotenganisha ukarimu na hongo. Kuku mzima ni mazungumzo mengine. Simu ya mkononi haina mjadala.

Kwamba kazi hii inaweza kumla mtendaji wake lilijulikana mapema, ingawa ilichukua muda kupewa jina. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi akiwa bado mdogo, aliandika makala juu ya wahudumu wa kliniki za bure kama ile aliyoisaidia mwenyewe New York baada ya saa zake za kazi. Aliona kwamba waliokuwa wakiungua, kama alivyoiita hali hiyo, ni wale waliokuja na moto mkubwa zaidi, wasiojua kusema basi. Mwanasaikolojia Christina Maslach aliipa hali hiyo vipimo, akaonyesha kwamba ina sura tatu: mtu huchoka hata akilala hachangamki, huwaona wateja wake kama vitu, kisha huamini kwamba hakuna alilowahi kumfaa mtu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya magonjwa, kwa uangalifu likisema si ugonjwa bali ni jambo la kikazi. Mimi nakubaliana na uangalifu huo. Ukiiita ugonjwa utamtibu mfanyakazi na kuiacha kazi vilevile.

Ile sura ya pili ndiyo inayoleta matata katika hoja yangu, kwa kuwa nayo ni ubaridi. Ila hizi ni baridi mbili tofauti, na aliyekaa katika kazi hujifunza kuzitambua. Mnasihi mwenye mipaka hafungi moyo ndani ya dakika 50. Huufungua kabisa, kwa kuwa anajua utafungwa saa ikifika. Aliyeungua hana haja na saa, maana moyo umefungwa tangu asubuhi. Hufurahi mteja asipotokea. Huanza kuwataja kwa maradhi yao, yule wa sonona, yule wa kiwewe, yule wa pombe. Hutoa mawaidha mapema ili kilio kiishe. Pengine, na hili halionwi upesi, huwa mwema kupita kiasi: hurefusha vikao, hupokea simu usiku, humfikiria mteja mmoja akioga na akisali. Huyo naye ameungua, ila moshi wake una harufu nzuri na watu humsifu.

Carl Rogers alilijua hilo kuliko wote. Ndiye Mmarekani aliyeufundisha ulimwengu kwamba mtu hupona akisikilizwa kwa unyofu na kupokewa bila masharti; kila chuo cha unasihi kuanzia Nairobi hadi Dodoma humtaja katika wiki za mwanzo. Wasichokitaja ni kwamba mwishoni mwa miaka ya 1940, alipokuwa akiongoza kituo cha unasihi cha Chuo Kikuu cha Chicago, alimpokea mteja mmoja mwanamke mwenye matatizo mazito, akaendelea naye bila kusema hapana, mpaka akapoteza mpaka wa wapi anaishia yeye na wapi anaanza mteja. Alifikia kuhofu kwamba yeye mwenyewe anaharibikiwa akili. Siku moja alimkabidhi kwa daktari mwenzake, akaenda nyumbani, akamwambia mkewe lazima waondoke, na wakaondoka mjini kwa miezi miwili mitatu. Aliporudi alitafuta matibabu kwa mtu wa kituo chake mwenyewe, aliyekuwa mdogo kwake kwa cheo. Wala hakulificha, alilisimulia mwenyewe baadaye. Makala yake mashuhuri juu ya masharti ya lazima ya tiba ilitoka mwaka 1957, miaka kadhaa baada ya mkasa huo, na mimi siwezi kuisoma bila kufikiri kwamba neno unyofu ndani yake lililipiwa.

Tukitafuta kwetu mtu wa kumfananisha na mnasihi, sioni somo wala kungwi, maana hao hufundisha la kufanya. Namwona muosha maiti. Yeye huingia chumbani wengine wakitoka. Huosha chini ya nguo, mkono umefungwa kitambaa, ili utupu usionwe hata na yeye. Akikuta kovu, alama au aibu yoyote juu ya mwili, haitoki naye nje. Dini inamfunga kuificha. Na akishamaliza, ni sunna akaoge. Hapana anayemwambia kwamba kuoga huko ni anasa au kujipenda, wala hakungoji ajisikie mchafu. Methali ya muosha huoshwa kwa kawaida hutajwa kumkumbusha mtu kwamba zamu yake itafika. Katika kazi ya unasihi zamu hiyo haingoji kaburi. Huja kila mwezi na huitwa usimamizi.

Usimamizi si bosi kukagua mahudhurio. Ni mnasihi kukaa mbele ya mnasihi mwenzake aliyemtangulia, akamweleza kesi bila jina, bila mtaa, bila jambo lolote la kumtambulisha mteja, naye akaulizwa juu yake mwenyewe. Chama cha wanasihi cha Uingereza, BACP, humtaka kila mwanachama mwenye ithibati anayefanya kazi asipungukiwe na saa moja na nusu za usimamizi kwa mwezi, hata awe na miaka 30 kazini. Huku kwetu aghalabu huishia mafunzo yanapoisha. Mazungumzo yake huwa hivi. Haya nimeyatunga, na lau ningekuwa na ya kweli nisingeyaleta hapa:

"Mama, yule mteja wangu wa Jumanne amenishinda. Nikikaa naye nasinzia."

"Unasinzia muda gani, mwanangu?"

"Akianza habari za mumewe."

"Akizungumzia watoto?"

"Hapo niko macho."

"Na kwako, baba watoto hajambo?"

Kijana hujibu hajambo, kisha hunyamaza, kisha huomba maji. Mama haongezi kitu. Usingizi umeshatoa ushahidi wake. Freud aliliona jambo hili tangu mwaka 1910, kwamba mgonjwa huamsha hisia za daktari, na kwa miaka mingi lilitazamwa kama kasoro ya kuonewa haya. Donald Winnicott, daktari wa Uingereza aliyezoea watoto, ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kusimama mbele ya wenzake mwaka 1947 na kusema waziwazi kwamba mganga humchukia mgonjwa wake wakati mwingine, na kwamba chuki isiyokubaliwa ndiyo inayodhuru. Uchovu, usingizi, hasira, hamu ya kumwokoa mtu, hata kumtamani: vyote huletwa mezani kwa msimamizi kama mtaalamu wa maabara anavyopokea damu, bila kukunja uso. Anayevificha hutafuta pa kuvitolea, na mara nyingi hupata pa karibu, yaani kwa mteja.

Afrika Mashariki imeujifunza unasihi kwa njia ngumu, kupitia misiba. Noerine Kaleeba alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia watu wenye ukimwi Uganda, mwaka 1987, mwaka aliofiwa na mumewe kwa ukimwi, na wengi wa waanzilishi wenzake walikuwa wenyewe wakiishi na virusi. Walikuwa wakiwasikiliza watu habari za kifo ambacho nao kilikuwa kimebisha hodi kwao, kisha wakazikana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vituo vya VCT, vya unasihi na upimaji wa hiari wa virusi, vilipochipuka Kenya na Tanzania, maelfu walifundishwa kazi hii kwa wiki chache wakapewa meza, viti viwili na vipimo vya haraka. Damu tone moja kidoleni, kisha kungoja robo saa hivi. Mistari miwili ikitokea, maneno hayatafutwi tena, yanatakiwa yawe tayari mdomoni. Wakati ule dawa za kupunguza makali zilikuwa bado hazijamfikia mtu wa kawaida, na mnasihi hakuwa na cha kumpa mtu zaidi ya kukaa naye. Akimaliza, humwita anayefuata, huku uso wake umekwisha kupanguswa, maana anayefuata ataanza kusoma majibu yake usoni pake kabla ya kipimo.

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu la ubalozi wa Marekani liliua watu 213 Nairobi na kujeruhi maelfu. Wengi walipofuka kwa vioo, kwa kuwa mlipuko mdogo wa kwanza uliwavuta madirishani. Wanasihi waliokuwapo walikuwa wachache, wakaongezewa watu wa kujitolea waliofundishwa mbio mbio. Baada ya mauaji ya watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, wazazi waliketi katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, wakingoja habari, kisha wakapelekwa chumba cha maiti cha Chiromo kutambua watoto wao, na walioandamana nao mlangoni walikuwa wanasihi. Mnasihi wa Chiromo hana kiti cha pembeni wala saa mbili ukutani. Ana bega, chupa ya maji, na maagizo machache: usimwambie mzazi kwamba ni mapenzi ya Mungu isipokuwa ameanza yeye, usimzuie kuona akitaka kuona, usimwache aone peke yake. Na la mwisho, ambalo wengi hulivunja: zamu yako ikiisha, ondoka.

Agizo hilo lina sababu. Mwaka 1990 wanasaikolojia Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman walieleza kwamba anayesikiliza visa vya kutisha siku baada ya siku hubadilika mwenyewe, bila kuwahi kuguswa na aliyoyasikia. Huanza kuota ndoto za wateja wake. Hukagua mlango mara tatu. Hawaamini tena walimu wa madrasa wala wa shule ya Jumapili, na watoto wake hukatazwa kulala kwa babu. Si udhaifu wa roho. Ni athari ya kazi, kama vumbi la machimboni lilivyo, na haliondoki kwa kuambiwa jikaze.

Ndiyo maana mimi huchoshwa na jinsi kujitunza kunavyouzwa siku hizi: mishumaa yenye harufu, semina ya siku mbili katika hoteli ya Naivasha, picha ya pamoja mmevaa fulana za rangi moja, kisha Jumatatu foleni ya wateja kumi na wanne. Mwajiri anayelipia hoteli na kukataa kulipia msimamizi amenunua picha. Ya maana hayapigwi picha: kutopanga kesi mbili za ubakaji zikafuatana, kula chakula cha mchana mahali pasipo na faili, kushuka kituo kimoja kabla ya nyumbani na kutembea, kuwa na rafiki ambaye mkikutana mnazungumzia mpira, kulala. Anayeswali ataswali, anayeimba kwaya ataimba. Na mnasihi kuwa na mnasihi wake, analipa ada na kuketi kwenye kile kiti kingine, ambako saa iko nyuma ya kichwa chake.

Sheria imeanza kuifikia kazi hii kwa upande mmoja. Kenya ilipitisha mwaka 2014 sheria ya wanasihi na wanasaikolojia, inayomtaka mtu asajiliwe na awe na leseni kabla ya kufungua mlango. Ni vizuri, mitaani kuna wengi waliojipachika jina hilo baada ya kusoma kitabu kimoja. Lakini siri ya chumbani ilibaki na mtego wake. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua Kenya kulikuwa kosa la jinai. Mteja aliyesema nilimeza vidonge mwezi uliopita alikuwa, mbele ya sheria, anakiri kosa. Wanasihi walijifunza kuandika faili kwa uangalifu wa makarani wa mahakama: mteja ameeleza kipindi cha kukata tamaa. Katika ufundi huu kuna sentensi nyingi za namna hiyo, zisizo na uzuri wowote, ambazo ziliokoa watu.

Na kuna kuagana. Mnasihi mzuri huanza kuaga vikao vitatu au vinne kabla ya mwisho, kwa kuwa wateja wengi waliachwa maishani bila kuagwa: mzazi aliyekufa ghafla, mume aliyesafiri akanyamaza. Kuondoka vizuri huwa ni mara yao ya kwanza. Wanahesabu pamoja vilivyobaki, hukasirika, hukosa kikao kimoja makusudi, hurudi. Baada ya hapo mnasihi hapigi simu kuulizia. Hajui kama yule binti alimaliza chuo wala kama yule mzee aliacha pombe.

Januari hiyo hiyo ya 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na vituo vingi vya ukimwi vilivyotegemea fedha hizo, Kenya, Tanzania na kwingineko, vikafungwa au vikapunguza watu kwa siku chache. Wanasihi waliambiwa wasirudi kazini. Hapakuwa na vikao vinne vya kuaga, wala kimoja. Wateja walikuta kufuli. Baadhi ya wenzangu walianza kupokea simu za wateja hao kwa namba zao binafsi, usiku, kwa vocha za mfukoni, wakati ambao hata kodi ya nyumba hawakuwa nayo. Yote niliyoyasifu hapa walikuwa wakiyavunja, na sikuthubutu kuwakemea.

Tulilizungumza Jumamosi moja, kundi la watu sita tunaosimamiana wenyewe kwa wenyewe kwa kuwa hakuna anayetulipia. Mmoja alisema anayekatwa katikati ya matibabu si wa kuambiwa ofisi imefungwa. Mwingine alisema ukizoea kupokea saa tano usiku mwezi huu, mwezi ujao utakuwa huna sauti ya kumpokelea. Tulibishana mpaka adhuhuri. Mwishowe ikakubaliwa simu zipokelewe siku mbili kwa wiki, saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, kwa laini ya pili isiyo ya nyumbani, na kila mteja atafutiwe mahali pa kuendelea kabla ya Pasaka. Mmoja alilalamika kwamba hana simu ya laini mbili, ikabidi tuchange.